Keki Iliyoanguka Njiani

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha ukumbini, keki ya harusi ya wifi yangu ikiwa imegeuzwa mbele ya wageni. Upande wa mbele ilikuwa nzima, ghorofa tatu, maua meupe yakiteremka kama ilivyoagizwa. Upande wa nyuma kulikuwa na pango. Mpiga picha ndiye aliyeomba igeuzwe ili mwanga uingie vizuri, na hadi leo nikimwona mpiga picha njiani navuka barabara.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni fundi cherehani, ni mke wa mtu, na nina ugonjwa wa kula. Sisemi napenda kula. Anayependa kula hukaa mezani, akamsifu mpishi, akanawa mikono. Mimi nakula nimesimama nyuma ya mlango. Nakula kilichoungua, nakula kisicho na chumvi, nakula huku nalia, na nikimaliza najichukia. Keki ile waliifungia chumbani kwangu mchana kutwa kwa sababu, alisema mama mkwe, kwangu hakuna watoto wa kuichokonoa.

Basi turudi ukumbini. Wifi yangu hakulia. Angelia ningemwonea huruma. Alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, shela bado kichwani, akasema kwa sauti iliyofika meza za nyuma:

"Tumbo limejaa mwaka hadi mwaka, na mtoto hatumwoni."

Watu walicheka. Si wote, lakini wale niliowapikia na kuwashonea ndio waliocheka zaidi.

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa anaangalia saa yake.

"Nakwenda kutafuta keki nyingine," akamwambia mama yake. Mimi hakunisemesha. Akachukua ufunguo wa gari la kaka yake, akatoka.

Alirudi na keki ndogo lakini nzuri, ametulia kabisa, kama mtu aliyetoka kunywa maji baridi. Moyoni nilimshukuru kwa kuiokoa harusi.

Kesho yake alinipeleka kwa mama yangu. Mjomba wangu aliitwa awe shahidi. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha mbao, mikono magotini, suruali yake ya kijivu ya harusini bado ina mkunjo wa pasi. Mkunjo ule niliupiga mimi.

"Mjomba, sijamwacha," akasema. "Namleta apumzike. Akijirekebisha, akapungua, nitakuja kumchukua kwa mikono yangu miwili."

"Akipungua kiasi gani?" mjomba akauliza, utadhani wanapatana bei ya ng'ombe.

"Atajijua mwenyewe."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akaona mkwe wake ana busara. Mama akasema ahsante baba, Mungu akuzidishie. Na mimi, wasomaji wangu, mimi niliyekuwa nimeinama kama mwizi, niliishika ahadi ile kwa mikono miwili. Mume wangu atanifuata. Kazi yangu ni moja tu, kuacha kula hivi ninavyokula.

Mtauliza, wewe mwanamke, mpaka unafika hapo ulikuwa wapi? Hukuona unavyofura?

Sikuona. Mtu mwingine hujua amenenepa siku nguo inapombana. Kifungo kinakatika, zipu inagoma, anashtuka. Mimi nguo haikunibana hata siku moja, kwa sababu fundi ni mimi. Kila nguo ninayoshona naacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Ilipokaza kidogo niliifumua, nikaachia kidole kimoja, nikaipiga pasi, nikaivaa. Baadaye kidole kingine. Wateja walinisifu: "Fundi, nguo zako zinakukaa!" Zilinikaa kweli, hadi mizani ya hospitali iliposema jambo ambalo magauni yangu yalikuwa yakinificha.

Mama yangu ni mwanamke wa vitendo. Wiki ileile alimwita fundi seremala, kabati la chakula likapigwa kufuli. Ufunguo akautia kwenye uzi, akauvaa shingoni.

"Nakufungia kwa kukupenda, mwanangu," akasema.

"Najua, mama."

"Mumeo akija akukute mwembamba."

"Ndiyo, mama."

Siku hiyohiyo, mama alipokwenda msibani kwa jirani, nilikula unga. Unga mkavu, kwa kijiko, kutoka kwenye debe alilosahau nje ya kabati. Mama aliporudi alinikuta nina weupe puani na kifuani. Alisimama mlangoni na kanga yake ya msibani, akanitazama, kisha akakaa chini akalia kuliko alivyolia msibani. Nikajua kufuli halitanisaidia.

Nikaenda hospitali. Daktari alikuwa anaandika, na aliendelea kuandika.

"Punguza kula."

"Daktari, kama ningeweza kupunguza nisingekuja."

"Ni suala la kujiheshimu, mama."

Nikainuka. Nilikuwa nimeshika njia ya duka la mandazi... hapana, nisiwadanganye, nilikuwa nimeshaagiza, mfuko uko mkononi, pale nje ya geti, nesi aliyenipima uzito aliponigusa bega. Mwanamke wa makamo, ana sauti ya mtu asiye na haraka.

"Dada, usile hiyo kwanza. Au kula, lakini nisikilize. Kuna kula kwa njaa na kuna kula kwa maumivu. Daktari amekutibu njaa. Jumamosi asubuhi njoo shule ya chekechea iliyo nyuma ya hospitali."

"Kufanya nini?"

"Kukaa na wenzako."

Sikujua kama nina wenzangu.

Jumamosi nikaenda. Nilipofungua mlango nilitaka kurudi. Vyumba vya chekechea vina viti vya watoto wa chekechea! Watu wazima, tena wenye miili, wamekaa kwenye viti vinavyowafika kwenye vifundo vya miguu, magoti yamegusa videvu. Na ukutani, mbele ya watu wenye ugonjwa wa kula, kumechorwa nanasi, ndizi, tikiti na yai. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima mwenye mvi, aliponiona nahangaika na kiti akasema:

"Kaa tu, dada. Kikivunjika tunachangia. Mimi nimeshavunja viwili."

Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu keki.

Masharti ya pale yalikuwa machache. Jina lako unaliacha mlangoni, ndani unapewa la utani, ili mtu akikutana nawe sokoni asikuite mbele ya watu ukaulizwa mnajuana wapi. Dereva wa lori alikuwa Breki, kwa sababu hana. Mimi wakaniita Sindano. La pili, hakuna kuhubiriana wala kumcheka mtu asipocheka mwenyewe. La tatu, unasema yote. Nesi alilirudia hilo: ugonjwa huu unakaa pale unapoficha.

Na kila mtu alipewa mwenza. Ukishikwa na ile hamu, kabla hujagusa chakula, unampigia mwenza wako. Yeye hakupi ushauri. Anakuuliza maswali matatu tu: Uko wapi? Una nini mkononi? Kimetokea nini?

Mwenza wangu alikuwa mwanamke mwembamba kama ufagio. Wakamwita Kijiti. Nilipomwona nilikasirika. Nikamnong'oneza nesi, "Huyu naye kaja kututania?"

Kijiti alinisikia.

"Watu wanadhani ugonjwa huu una saizi," akasema. "Mimi nikishikwa nakula mpaka siwezi kusimama. Halafu najiadhibu, sili kitu hadi nizimie. Unaona mifupa, dada yangu, huoni vita."

Nikamwomba radhi. Akanishika mkono, na mkono wake ulinukia vanila. Alikuwa mpambaji keki katika duka la mikate.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na naomba mlishike, kwa sababu msiba wote wa leo umetoka hapo. Zamu yangu ilipofika nilisema yote. Nilisema unga, nilisema mlango, nilisema utasa wangu na mume anayenisubiri nipungue. Keki sikuisema. Ningemwambiaje mtu anayeinama kutwa nzima akikamua maua ya krimu kwamba nilichimba pango nyuma ya kazi kama hiyo kwa vidole vyangu?

Nesi akaniuliza, "Sindano, una lingine?"

"Sina."

Ninyi mnaosoma gazeti mnajua habari ya keki. Wale waliokuwa tayari kunisaidia hawakuijua.

Kijiti aliniokoa, sina neno jingine. Mara ya kwanza nilimpigia nikiwa jikoni kwa jirani aliyenituma nimwangalizie sufuria.

"Uko wapi?"

"Jikoni kwa watu."

"Una nini mkononi?"

"Mwiko. Na paja la kuku."

"Kimetokea nini?"

Nikafungua mdomo kusema hakuna kilichotokea, nikajikuta nasema kwamba asubuhi nimekutana na mama mkwe dukani, akanipita kama nguzo. Nilisema hadi nikanyamaza. Nilipotazama, paja lilikuwa limepoa mkononi. Nikalirudisha kwenye sufuria. Kwa mtu mwingine hilo si jambo. Mimi nilikaa chini ya ukuta wa jirani nikatetemeka kwa furaha.

Naye alinipigia. Alinipigia akiwa kazini, akiwa chooni, akiwa amefungua friji. Tukawa ndugu. Yangu akayajua, yake nikayajua, bila jina la mtu hata mmoja, kama sharti lilivyotaka.

"Huyo mume wako," akaniambia siku moja tukitoka chekechea, "hakufai. Anakusubiri upungue kama nani? Mwache!"

"Usiseme hivyo. Amekula kiapo mbele ya mjomba."

"Anakupigia?"

"Ana kazi nyingi."

Kwa kweli hakunipigia tangu siku ile. Nilikuwa namtumia ujumbe, "Naendelea vizuri." Ananijibu neno moja: "Vumilia." Nalala nalo.

Kijiti naye alikuwa na mchumba. Alikuja dukani kwao kama mteja, akarudi, akarudi tena, na mtu asiyependa vitu vitamu akawa ananunua keki kila wiki.

"Ni mjane," akaniambia. "Mkewe alikufa kwa maradhi ya tumbo."

"Masikini! Mungu amrehemu."

"Hapendi hata kumtaja. Nikimuuliza anasema aliteseka sana, na kwamba alipotoka yule mama nyumba ilipata amani."

"Maumivu hayo, mwenzangu. Wanaume hawajui kulia."

"Amenitaka ndoa. Naogopa. Hajui habari ya chekechea. Nampikia, nakaa namtazama akila, mimi sili. Nashiba kwa macho. Amenenepa mwenyewe kwa ajili ya ugonjwa wangu!"

Tukacheka. Halafu akanishika mkono pale njiani, macho yamemtoka.

"Sindano, nikubali?"

Nikamwambia akubali. Mimi, kwa kinywa changu hiki kisichojua kujizuia. Nikamwambia mwanamume aliyeuguza mke hadi kaburini ana moyo, mtu kama huyo haokotwi barabarani. Hata marehemu nikamwombea tena, Mungu amlaze mahali pema, amemlea mume vizuri.

Kijiti akalia, akanikumbatia. "Wewe ndiye utakayekaa upande wangu siku hiyo," akasema.

Miezi ikapita hivyo, na mimi nikaanza kuwa mtu. Sisemi nilipona kabisa. Nilianguka, nikaamka, nikampigia Kijiti, nikaanguka tena. Lakini nguo zangu niliacha kuzifumua. Nilianza kukaa mezani na mama, sahani moja, tukizungumza habari za majirani. Jumamosi hii iliyopita, kabla sijatoka kwenda chekechea, mama akauvua ule uzi shingoni, akanivalisha mimi.

"Ufunguo utunze wewe," akasema. "Nimechoka kuwa askari jela wa mwanangu."

Nilikwenda chekechea nikiwa na ufunguo kifuani. Breki akasema nimeng'aa. Kijiti akanipa mfuko wa nailoni.

"Fundi wangu, niokoe. Ni suruali ya mchumba. Kesho anakwenda kujitambulisha kwetu, na kiuno hakifungi tena. Kosa ni la mapishi yangu. Utaweza kuachia kidogo?"

"Ikiwa aliyeishona aliacha akiba, naachia. Kama hakuacha, avute pumzi hadi baba yako amalize kuzungumza."

Akacheka njia nzima kuelekea kwake, kumpikia mchumba.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa amekwenda kwa dada yake. Nikakaa barazani kwenye cherehani, mchana umetulia, nikaitoa suruali mfukoni.

Suruali ya kijivu. Suruali za kijivu ziko nyingi duniani, na mimi nimeshashona nyingi kuliko nilivyokula mikate. Sikufikiri lolote. Nikaigeuza nje ndani, kama tunavyofanya, nikatafuta mshono wa kati, ule wa nyuma.

Fundi wa kawaida huacha akiba ya kidole kimoja hapo. Mbahili haachi kitu. Hapa vilikuwa vimeachwa vidole vinne.

Ninamjua fundi mmoja tu anayeacha vidole vinne, na amemwachia mwanamume mmoja tu. Wanaume wa ukoo wa mume wangu hunenepa wakifika makamo, baba yake hivyo, kaka zake hivyo. Nilipomshonea suruali ya harusi ya dada yake niliacha vidole vinne kwa makusudi. Nilitaka nguo ile tuzeeke nayo. Mwaka hadi mwaka nitakuwa naifumua na kuiachia, yeye ananung'unika amesimama na nguo ya ndani, mimi namcheka.

Na mwisho wa mshono niliufunga kwa uzi mwekundu, ndani kabisa, mahali asipoona mtu.

Uzi mwekundu ulikuwapo.

Nilikaa. Ukipita barazani ungedhani fundi anatafuta sindano aliyoiangusha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe utakuwa umeishona wewe.

Mjane! Mke alikufa kwa maradhi ya tumbo! Nyumba ikapata amani! Na mimi nilimwombea yule mke, mara mbili, njiani, kwa moyo mkunjufu. Nilikuwa najiombea mwenyewe. Mimi ndiye marehemu. Nilikufa siku waliyogeuza keki, nikazikwa kwa mama yangu, na ujumbe wa "Vumilia" nilikuwa natumiwa kaburini.

Kisha nikakumbuka alivyorudi ukumbini na ile keki ndogo, ametulia kama aliyekunywa maji baridi. Alikuja dukani kama mteja. Nikaelewa mteja yule alikuja siku gani.

Basi ile hamu ikaja. Wenye ugonjwa huu mnaijua, wengine mshukuru Mungu. Haiji tumboni. Inakuja mikononi. Nilijikuta nimesimama mbele ya kabati la mama, uzi umekwisha toka shingoni, ufunguo uko kwenye tundu la kufuli. Ndani kulikuwa na mikate miwili, mayai, siagi na chungu cha maharage ya jana. Nilivijua vyote bila kuviona. Nilikuwa nakwenda kula hadi nisiwe na jina.

Sharti linasema piga simu kabla hujafungua.

Nani nimpigie? Katika dunia nzima nina mtu mmoja wa kumpigia. Nikimwambia ukweli nitampoteza, maana mwanamke gani atabaki mwenza wa mke wa mchumba wake? Nisipomwambia, ataolewa na mwongo kwa ushauri wangu, na mimi nitakula kabati hili na kila kabati litakalofuata. Mume sikumfikiria. Naapa, mume alinitoka hapo hapo kama kifungo kilichokatika. Nilichoogopa kupoteza ni ile sauti inayouliza uko wapi.

Nikapiga.

"Mwenzangu!" Kijiti alikuwa na furaha, nyuma yake nasikia vyombo. "Suruali imekubali?"

Nikamwita jina lake tu. Akaelewa. Sauti yake ikashuka, ikawa ile ya kazi.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Mbele ya kabati."

"Una nini mkononi?"

"Ufunguo. Na suruali."

"Umefungua?"

"Bado."

"Kimetokea nini?"

Kwa mbali nikasikia sauti ya mwanamume ikimwita aje ale, chakula kinapoa. Ninaijua sauti ile. Nimeipigia pasi, nimeipikia, nimeiombea.

"Kimetokea nini, Sindano? Niko hapa. Sema."

"Nesi aliniuliza kama nina lingine," nikasema. "Nikasema sina. Nilikuwa nalo."

"Sema."

"Nilikula keki."

"Leo?"

"Si leo. Kabla sijakujua. Keki ya harusi ya wifi yangu, waliniwekea chumbani niilinde. Niliila kwa nyuma ili mbele isionekane. Ghorofa tatu. Maua meupe, yanateremka upande wa kushoto hadi chini."

Vyombo vilinyamaza upande wa pili. Mpambaji keki anayajua maua yake kama fundi anavyoujua mshono wake.

Kijiti alipozungumza, alizungumza polepole, kama mtu anayepita gizani katika nyumba ya watu.

"Keki ile nilipamba mimi. Mteja alirudi siku ileile akataka nyingine kwa haraka. Alisema ya kwanza imeanguka njiani."

"Haikuanguka njiani," nikasema.

Nikamsikia anapumua. Nikamsikia yule mwanamume amesogea karibu, anauliza, "Nani huyo?" Akauliza tena, kwa ukali kidogo. Halafu kitu kikaanguka, sahani au kikombe, na simu ikakatika. Nani aliyeikata sikujua.

Nikampigia tena. Haikupokelewa. Nikapiga tena, ikawa imezimwa.

Nikabaki mimi na kabati. Nikasema basi, Kijiti amekwenda, na sikumlaumu. Nikaushika ufunguo, nikauzungusha. Kufuli likaachia.

Simu ikalia.

Niliidaka kwa mikono miwili, jina la Kijiti liko mdomoni. Nikatazama kioo. Halikuwa jina la Kijiti. Lilikuwa la mume wangu, ambaye tangu siku ya kiapo hakuwa na muda wa kunipigia.

Iliita, ikaita. Suruali yake iko begani kwangu, mlango wa kabati unafunguka wenyewe taratibu, na harufu ya mkate inanifikia.

Marehemu akapokea.